Hukuniuliza Mguu

Shangazi alinipigia saa moja na nusu asubuhi, Jumanne moja ya mwaka 2019, na kabla sijamaliza kumwamkia akasema, "Nimekwishatuma, mwanangu. Usihangaike tena. Umelala wapi usiku?"

Nilikuwa nimelala kitandani kwangu. Wakati ananipigia nilikuwa na kiatu kimoja mkononi, najiandaa kwenda kazini. Nikamuuliza ametuma nini. Akanyamaza kidogo, halafu akajibu, "Zile fedha ulizoniomba jana kwenye barua pepe."

Nikamwomba anisomee barua yenyewe. Aliisoma polepole, neno kwa neno, nami nikawa nasikiliza maneno yangu ambayo sikuyaandika. Ilianza hivi: "Shikamoo, Mwalimu wangu wa kwanza." Hapo ndipo nilipokaa chini. Hakuna mtu mwingine anayemwita hivyo. Ni yeye aliyenifundisha kusoma nikiwa na miaka minne, akiandika irabu kwenye vipande vya boksi, na tangu nianze kumwandikia barua pepe sijawahi kuifungua hata moja kwa salamu nyingine. Barua ilisema nimesafiri ghafla, nimeibiwa mkoba na simu, kuna msamaria mmoja amenihifadhi, basi fedha zitumwe kwa jina lake. Ilisema pia asinipigie, kwa kuwa simu haipo tena. Ikaishia kwa "Akupendaye daima", vilevile ninavyomalizia mimi.

"Mbona umenipigia, Shangazi, na barua imekukataza?"

"Nilitaka kusikia sauti yako tu. Nikasema hata isipoita, angalau nitakuwa nimejaribu."

Nilipojaribu kuingia kwenye akaunti, nywila ilikataa. Maandishi madogo yalinieleza kuwa imebadilishwa saa kumi na mbili zilizopita. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti nayo ilikuwa imeondolewa, ikawekwa nyingine. Kilichoniokoa ni kwamba mtoa huduma wangu huendelea kuikubali namba ya zamani kwa siku chache baada ya badiliko kama hilo. Nikatumiwa msimbo, nikauandika vidole vikitetemeka, nikaingia. Nikabadili nywila palepale. Nikawaandikia watu wote waliokuwa kwenye orodha yangu ya anwani: akaunti yangu ilidukuliwa, msitume chochote, samahani sana. Usiku ule nililala nikiamini yamekwisha.

Zikapita siku mbili, na katika watu wangu wa karibu hakuna hata mmoja aliyejibu. Mjomba, ambaye hujibu kila barua siku hiyohiyo hata kama ni kwa neno "Sawa", kimya. Rafiki yangu wa tangu shuleni, kimya. Nilidhani wamekasirika, kwamba labda nao walikuwa wameombwa na kutoa, na sasa hawataki kuniona. Nikaanza kuona aibu kuwapigia simu. Hizo siku mbili za aibu ndizo ninazozijutia kuliko zote, maana mwizi alizitumia.

Kazini tulikuwa na kijana wa kitengo cha kompyuta, mpole, asiyependa maneno mengi. Nilimweleza yote wakati wa mapumziko. Hakunihurumia wala hakunilaumu. Aliuliza swali moja: "Dada, umeangalia vichujio?"

Sikuwahi kufungua ukurasa wa vichujio maishani mwangu. Nilijua tu kwamba barua pepe inaweza kupangwa ijipange yenyewe, matangazo huku, ankara kule. Akanionyesha mahali pa kubonyeza. Kulikuwa na kichujio kimoja, nami sikukiweka mimi. Kiliagiza kwamba barua yoyote itakayotoka kwa watu fulani, au itakayokuwa na neno "fedha", "nimetuma" au "umedukuliwa", ipelekwe kwenye anwani nyingine ya nje, kisha ifutwe kwangu moja kwa moja. Nywila mpya haikukigusa. Kichujio hukaa ndani ya akaunti, kinafanya kazi yake bila kujali nani ameingia na nani ametoka. Kumbe watu wangu walikuwa wamenijibu. Walikuwa wakimjibu yeye.

Na ile anwani ya nje ilikuwa anwani yangu. Niliisoma mara tatu nikaona ni yangu. Kijana akaikuza kwenye skrini hadi herufi zikawa kubwa kama vidole, ndipo nikaona: mahali penye herufi m pameandikwa r na n zikifuatana. Kwenye simu ndogo, kwa macho ya mtu wa miaka sabini, hizo mbili huungana zikawa m. Kwa hiyo hata baada ya mimi kurudi kwenye akaunti yangu, yeye aliendelea kuzungumza na wazee wangu kutoka kwenye anwani hiyo pacha, akiwaambia wasiamini ile barua yangu ya samahani, kwamba hiyo ndiyo ya mdukuzi.

Barua alizotuma kwa jina langu alikuwa amezifuta zote, asibakize hata kwenye pipa. Lakini kichujio chake kilikuwa kimewataja watu kumi na mmoja. Hivyo ndivyo nilivyowajua aliowaandikia. Katika mamia ya anwani alichagua kumi na moja, na nilipoyasoma yale majina nilielewa kwamba amenisoma vizuri. Wote ni watu ambao hawajawahi kuniambia hapana. Mtu ambaye ningemwomba fedha naye akaanza kwa kuuliza maswali hakuwamo.

"Amekaa humu siku ngapi?" nikauliza.

Kijana akafungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Simu yangu, kompyuta yangu, na kompyuta moja nisiyoijua. Tarehe yake ya kwanza ilikuwa siku kumi na tisa kabla ya barua ya Shangazi.

Siku kumi na tisa. Nilikuwa nadhani mdukuzi huvunja akaingia na kuchukua papo hapo. Huyu alikaa. Alisoma. Nilipobonyeza kisanduku cha kutafutia, yakashuka maneno yaliyotafutwa karibuni, na hayakuwa yangu: "pasipoti", "benki", "nywila", "mkataba", "shangazi". Yalikuwa ya Kiswahili. Sijui kwa nini hilo liliniumiza kupita mengine. Labda kwa sababu kichwani nilikuwa nimemweka mbali sana, mtu wa lugha nyingine anayebahatisha kwa programu ya kutafsiri, kumbe ni mtu ambaye angeweza kuniamkia njiani nami nikamwitikia.

Usiku ule nilizifungua barua nilizotuma na kuanza kuzisoma kwa macho yake. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Barua kwa dada yangu kuhusu mimba iliyoharibika, ambayo hata mama yetu hakuambiwa. Majibu ya vipimo vya baba. Picha ya pasipoti niliyomtumia wakala wa safari miaka sita nyuma nikasahau kuifuta. Ugomvi na rafiki, na barua ya kusameheana iliyofuata wiki tatu baadaye. Na barua kwa Shangazi, zaidi ya mia mbili, zote na salamu ileile. Nikakumbuka swali la usalama nililokuwa nimeliweka kwenye akaunti nyingine: mwalimu wako wa kwanza ni nani? Nililichagua kwa sababu nilidhani jibu lake liko moyoni mwangu peke yake. Nilikuwa nimeliandika juu ya kila barua. Tangu hapo maswali ya aina hiyo siyajibu kwa kweli. Naweka jibu la kubuni, refu, ninalolihifadhi kama ninavyohifadhi nywila.

Aliingiaje? Kijana aliniuliza kama nywila ile nilikuwa nikiitumia kwingine. Nilikuwa nikiitumia kila mahali. Niliipenda, niliiona ngumu, ina namba na alama. Tukaiweka anwani yangu kwenye Have I Been Pwned, huduma aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, ambako mtu huangalia kama anwani yake imo kwenye data zilizovuja. Ilikuwemo. Ilivuja kutoka tovuti moja ndogo ya mafunzo niliyojisajili zamani, nikaitembelea mara mbili, nikaisahau kabisa. Akanifafanulia kwamba wezi huchukua jozi za anwani na nywila zilizovuja na kuziachia programu izijaribu kwenye huduma nyingine, maelfu kwa maelfu, pasipo mtu kukaa kubahatisha. Ugumu wa nywila yangu haukunisaidia chochote. Funguo ilikuwa moja kwa milango yote.

Tulikaa naye mpaka jioni. Alianza na kompyuta yangu, kuhakikisha haina programu ya kunasa ninachoandika, kwa sababu kubadili nywila kwenye mashine iliyoambukizwa ni kumkabidhi mwizi hiyo mpya. Kisha tukaviondoa vifaa vyote kwenye akaunti kwa mkupuo. Tukafuta kichujio, baada ya kukipiga picha kwa ajili ya polisi. Tukakuta pia programu mbili za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua zangu; moja niliikumbuka, nyingine hapana. Tukazing'oa zote. Nywila mpya ikatungwa na programu ya kutunza nywila, ndefu, isiyo na maana yoyote, nami ninayoikumbuka ni moja tu, ile ya kuifungulia programu yenyewe. Mwisho tukaweka uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa namba sita zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye simu, na misimbo ya akiba, ile ya kuingilia simu isipokuwepo, nikaiandika kwenye karatasi na kuiweka pamoja na vyeti vyangu. Hilo la hatua mbili lingetosha kumzuia tangu mwanzo. Lilikuwa limekaa kwenye mipangilio miaka yote, nami kila nikiulizwa nilikuwa nikibonyeza "baadaye".

Ikabaki kupita akaunti moja baada ya nyingine, maana karibu kila kitu nilichonacho mtandaoni kina ile sentensi "umesahau nywila?" na kiungo chake huja kwenye barua pepe. Mwenye barua pepe yako anaweza kukirithi hicho kingine chote ungali hai. Mbili alikuwa amekwishazifungua. Benki niliipigia simu, polisi nikatoa taarifa na kupewa namba ya jalada. Fedha hazikurudi.

Wale kumi na mmoja niliwapigia simu mmoja mmoja, sikuandika. Watatu walikuwa wametuma. Mjomba alikuwa bado anazungumza na yule "mimi" wa anwani pacha siku ileile niliyompigia, na ilibidi nimkumbushe jambo ambalo halimo kwenye barua yoyote, la siku tuliyopotea njia tukiwa wawili, ndipo akakubali kwamba mimi ni mimi. Alipokubali alilia. Nami nililia, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba ningehitaji ushahidi mbele ya Mjomba.

Shangazi nilimwendea mwenyewe. Nilitaka kumrudishia fedha zake, akakataa kuzishika. Baadaye niliziacha chini ya mto wake na hatukuzizungumza tena. Alikuwa ameketi, mguu wake unaomsumbua kaunyoosha juu ya kiti, na barua ile kaichapisha kwenye karatasi. Ameisoma mara nyingi, alisema, akitafuta mahali ambapo angeshtuka. Salamu ilikuwa yangu. Hata ile tabia yangu ya kuandika "basi" mwanzoni mwa sentensi ilikuwemo.

"Kitu kimoja tu," akasema. "Hukuniuliza mguu."

Nikamtazama.

"Kila barua unaniuliza mguu. Hata ile ya mistari miwili uliyoandika ukiwa uwanja wa ndege, uliuliza. Kwenye hii hukuuliza. Niliona. Nikasema mwanangu yuko kwenye shida, amesahau, si neno." Akaikunja karatasi mara mbili. "Niliona, nami nikatuma."

Nikamwambia kosa si lake. Akaniambia analijua hilo, lakini ameniona nikisoma tangu herufi ya kwanza na alipaswa kunitambua. Sikuwa na la kumjibu. Nilimkanda mguu mpaka jua likazama.

Bado namwandikia barua pepe, kwa salamu ileile. Sikukubali kumwachia yule mtu jina hilo. Dakika chache baada ya kutuma, simu yangu huita.

"Imefika," husema. "Haya, nisomee mwenyewe."

Namsomea, kuanzia shikamoo hadi mwisho, naye hunikosoa mahali nilipokimbiza maneno.