Siku Moja Maishani Mwangu: Ziara ya Halmashauri, Oak Ridge

Saa 12 asubuhi niko ofisini, nachapa orodha ya wageni na kumpigia dereva wa basi. Ndugu zangu Lubumbashi wakiniuliza nafanya kazi gani huku Tennessee, nawaambia: nawakutanisha viongozi wa miji iliyozungukwa na viwanda vya nyuklia vya serikali kuu, wajifunze wao kwa wao. Wanadhani ni kazi ya kupanga viti na chai. Viti napanga, chai nachemsha, na kazi hii naipenda.

Saa 2 wageni wanaingia. Wanatoka upande wa Piketon, Ohio, ambako kiwanda cha kurutubisha urani (kuiongezea nguvu ili itumike kama fueli au bomu) kiliacha kazi hiyo mwaka 2001 na sasa kinabomolewa. Sisi tumewatangulia: K-25, kiwanda chetu cha namna hiyo hapa Oak Ridge, kilimalizika kubomolewa 2013, na majengo makubwa yaliyobaki pale yakafuata hadi 2020.

Saa 3 anasimama mshauri wa kukodiwa, aeleze ardhi itumikeje viwanda vikishabomolewa. Ratiba inampa dakika 20. Saa 4 bado anaongea. Grafu baada ya grafu, "fursa", "mageuzi", rangi tele ukutani. Kamishna mmoja mzee ananyoosha mkono: nani atalipia zimamoto? "Tutafika huko," anajibiwa. Mimi nyuma nimeinua kibao cha muda mpaka mkono unakufa ganzi. Chai imepoa, basi linanguruma nje, wageni wamesafiri usiku kucha, na huko hatukufika. Hasira ilinipanda, nasema kweli. Watu hawa hawakuja kusikiliza mtu ambaye hajawahi kuendesha mji.

Jibu lilipatikana kwenye basi. Fundi wetu wa idara ya maji alikaa karibu na yule mzee, akamweleza: ardhi ya serikali kuu hailipi kodi ya mali, kuna fidia, lakini inaamuliwa Washington. Ikihamishiwa kampuni, kodi itakuja, ila barabara, maji, majitaka na zimamoto vinaweza kukuangukia kabla kampuni hazijafika. Gharama zake ziulizeni kabla ya kusaini. Mzee akaandika nyuma ya ratiba mpaka nafasi ikaisha.

Diwani mmoja mama akaniuliza kwetu wapi. Katanga, nikamwambia, urani nyingi ya Mradi wa Manhattan, ule wa Marekani wa kuunda bomu la kwanza la atomiki, ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Akauliza kama watu wa huko nao huitwa kwenye ziara kama hizi. Sijapata kumwona hata mmoja, nikajibu, na ninaona ni haki yao kabisa.

Mchana ulipita kwenye makumbusho ya K-25 na viwanja vya kampuni mpya, miguu ikiwaka moto. Jioni, sijui saa ngapi, naandika muhtasari. Slaidi za mshauri nimezipa mstari mmoja. Maneno ya fundi wa maji nimeyaweka juu kabisa, na nakala naituma pia Paducah, Kentucky. Kiwanda chao kiliacha kurutubisha 2013, na swali la zimamoto linawahusu vilevile.