Kona ya Nyuma Kulia

Ilikuwa mwezi wa 5 mwaka 2017, masika yakiwa ukingoni, dalali aliponipigia simu: "Kaka, mzigo wako umepatikana. Uko Capripoint."

Mzigo wenyewe ulikuwa gari-nyumba. Nilikuwa nimelisaka kwa miaka 2. Kazi yangu ni kuendesha watalii, kutoka Mwanza hadi geti la Ndabaka na kuingia Serengeti kwa upande wa magharibi, na pale Lamadi nilizoea kuwaona wageni wakifika na magari yenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Wanapika, wanalala, kukicha wanaondoka. Nikaona hii ndiyo biashara yangu ya baadaye: nikodishe gari la namna hiyo, na mwenyewe niliendeshe. Nikaweka akiba, nikakopa SACCOS, nikafikisha milioni 22.

Gari lilikuwa limetengenezwa Uingereza, usukani kulia kama ya kwetu, ushuru umelipwa, kadi ipo. Mwenyewe alikuwa ameshamaliza kazi yake nchini na kurudi kwao. Nilipofungua ule mlango wa ubavuni nilishikwa na furaha ya kitoto. Makabati ya rangi ya asali, sinki dogo la kung'aa, meza inayokunjwa ikawa kitanda, pazia za maua. Fundi wangu wa injini, niliyemtoa Mabatini, alilala chini ya gari saa nzima, akasikiliza mlio, akaonja breki. "Injini safi. Nunua." Nikatoa milioni 1 ya kushikia mzigo.

Mama ndiye aliyesema nisilipe zilizobaki kabla mjomba hajaona. Nilikubali kwa heshima tu. Mjomba alikuwa fundi wa mitumbwi kule Igombe, maisha yake yote ni mbao, misumari na pamba ya kukalafatia. Mambo ya magari yalimhusu nini?

Jumamosi ile nikamfuata. Dalali akamwamkia, "Shikamoo mzee," akaenda moja kwa moja kufungua boneti. Mjomba hakusogea huko. Alivua kandambili mlangoni, akaingia peku, akaanza kutembea polepole kama mtu anayepima shamba. Hatua ya tatu akasimama. Akarudi nyuma, akakanyaga tena palepale.

"Njoo usimame hapa. Vua viatu."

Nikavua. Sakafu ilibonyea kidogo chini ya kisigino, kama godoro jembamba juu ya ubao. Mara zote 3 nilizokuwa nimeingia mle nilikuwa na viatu vya safari vya soli nene.

Akanusa. "Humu pananukia maua mno," akasema, akanyoosha mkono na kuitoa ile pafyumu ya gari iliyoning'inizwa juu ya sinki. Alimpa dalali akae nayo nje. Kisha akaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia mbele kwenda nyuma, mstari mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini. Ko, ko, ko. Sauti kavu. Alipofika kona ya nyuma kulia, juu ya kichwa cha kitanda, sauti ikabadilika ikawa pu, pu, kama kugonga papai lililoiva.

Pale ukutani karatasi ya maua ilikuwa mpya kuliko kwingine. Mimi nilikuwa nimeiona na kuisifu.

Aliinua mito, akafungua kabati la chini ya kitanda, akamulika na tochi ya simu. Vichwa vya skrubu vilikuwa na kutu nyekundu, na kwenye plaiwudi kulikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi, lenye ukingo mweusi, limeshuka kama ramani ya mto. Akaniomba bisibisi. Hakuichoma kwa nguvu, aliiegemeza tu. Ikazama hadi nusu, kama inaingia kwenye muhogo uliochemka. Akaichomoa, akanipa ninuse ncha yake. Ile harufu naijua tangu utotoni: ni ya tumbo la mtumbwi mzee uliofungwa ufukweni miezi, maji yamelala ndani.

Dalali akajitetea: "Mzee, hilo ni jasho tu. Watu wakilala humo, madirisha yakifungwa, lazima kuta zitoe jasho."

"Jasho linakaa juu, ukipitisha kitambaa linafutika," mjomba akajibu. "Haya maji yametoka ndani ya ukuta."

Tukapanda paa. Ndipo nilipoelewa magari haya yanavyojengwa, angalau ya aina ile. Nje ni bati jembamba la alumini. Ndani ni plaiwudi nyepesi ya milimita chache. Katikati ni fito za mbao laini, na nafasi zilizobaki zimejazwa lile povu jeupe jeupe, ndugu wa yale maboksi ya minofu ya sangara. Kila kona, kila dirisha, kila reli ya kushikia turubai imefungwa kwa skrubu zinazotoboa alumini na kuingia kwenye fito. Kinachozuia mvua isifuate njia ya skrubu ni utepe wa gundi laini chini yake. Gundi ile inazeeka. Jua linaikausha, na kila gari linapojipinda kwenye changarawe inaachia. Pale kwenye reli ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi, na juu yake mtu alikuwa amepaka silikoni nyeupe mpya, ya juzi juzi. Silikoni haishiki vizuri juu ya gundi kuukuu. Ikibanduka pembeni maji yanaingia, halafu inayazuia yasitoke. Tundu liko juu mbele, maji yanatambaa ndani ya fito, uozo unajitokeza nyuma chini. Ukitazama palipolowa tu, hulioni tundu.

Tuliposhuka nikakumbuka bahasha ya makaratasi niliyopewa mwanzo kama "vitabu vya huduma". Mlikuwa na karatasi zenye mchoro wa gari, limezungukwa na tarakimu: 12, 13, 11, 14. Nilidhani ni vipimo vya vyuma. Kumbe ni vipimo vya unyevu wa kuta kwa asilimia. Kule Uingereza magari haya hupimwa kila mwaka kwa kifaa maalumu. Mpaka 15 hakuna shaka, ikipita 20 ukuta unatakiwa kuchunguzwa. Kwenye karatasi ya mwisho, kona ya nyuma kulia, kulikuwa na 24, imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Baada ya hapo hakukuwa na karatasi nyingine. Jibu lilikuwa mkononi mwangu wiki 2 nzima.

Nitasema kweli, bado nililitaka. Nikamvuta mjomba kando, nikamwambia tuombe punguzo la milioni 5 tulitengeneze wenyewe. Akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, mtumbwi uliooza mkuku hauulizwi bei. Ukifungua hapo utafuata uozo mpaka mlangoni. Ile sakafu hukuisikia?"

Katika ile milioni nilirudishiwa laki 6, tena baada ya wiki 3 za kusumbuana. Dalali yule nilimlaumu, lakini namlaumu zaidi aliyechora nyumba ya kutembea kwenye mvua akaikabidhi kwa fito laini na matundu ya skrubu.

Mwaka uliofuata niliagiza Hiace ya paa refu kutoka Japani, bodi isiyo na fito hata moja. Tuliijenga ndani wenyewe, Igombe. Mjomba aliruhusu tundu moja tu paani, la kutolea hewa, akalizungushia gundi ile ya kubandikia vioo vya magari. Kabla ya plaiwudi kuingia alisimamisha kijana na mpira wa maji juu ya paa nusu saa, yeye akiwa ndani na tochi, hasemi neno.

Usiku wa kwanza nililala ndani yake Lamadi, mwezi wa 11, vuli ikipiga. Mvua ilitoka ziwani saa 8 usiku, ikagonga lile bati mpaka nikaamka. Niliinuka gizani nikapapasa kona moja baada ya nyingine kwa kiganja. Asubuhi simu ikaita kabla sijachemsha maji.

"Kona ya nyuma kulia?"

"Kavu, mjomba."

"Kwenye tundu la paa?"

"Kavu."

"Chini ya godoro umepitisha mkono?"

Nikapitisha, simu ikiwa sikioni. "Kavu."

"Haya. Ukirudi niletee sato."