Kutoka Mwembechai mpaka Kagera kwa mguu

Kwa miezi kama nane hivi hatua ya kwanza ya asubuhi ndo ilikuwa inanitisha kuliko kitu chochote, yaani nasikia adhana ya Alfajiri, niko macho kabisa, ila nabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda nautazama mguu wa kulia maana najua nikikanyaga tu kisigino kitachoma kama nimekanyaga msumari, na nikiinama kuushika kiuno nacho kinabana. Naenda kutawadha nimeshika ukuta. Nikishatembea tembea kidogo yanapoa, mchana nafanya kazi, jioni yanarudi yote mawili. Swala nilikuwa nasalia kwenye kiti na hilo liliniuma moyoni kuliko mguu wenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 47, nashonea nyumbani hapa Magomeni Mwembechai, Dar es Salaam, cherehani ya kukanyaga, huu mwaka wa 19. Mguu unaokanyaga ni wa kulia, peku, juu ya chuma. Na kitambaa nilikuwa nakatia chini kwenye mkeka, nimepiga magoti nimeinama, kwasababu meza ilishajaa mizigo ya wateja. Ukinambia saivi nieleze kiuno kilianzaje nakuonyesha ule mkeka, lakini wakati ule kila mtu alikuwa na jibu lake, huyu figo, huyu gesi, huyu punguza nyama hiyo gauti. Nikawa nanunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, duka la dawa, nameza siku nyingine hata sijala, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Jamani izi dawa zinasaidia ila zinachubua tumbo, zinaweza kusumbua figo na kupandisha presha, sio za kujinunulia kila wiki kama pipi.

Nikaenda hospitali moja nikapigwa picha, nikaambiwa pingili zimesagika na kisigino kimeota mfupa, basi, karatasi ya dawa, anayefuata. Lile neno "zimesagika" lilinimaliza. Nilirudi nyumbani najiona mgongo wangu kama chaki, nikalala siku nne sinyanyui hata ndoo ya lita tano, na siku ya tano nilikuwa mkavu kama ubao, hata kujigeuza kitandani nasaidiwa na binti yangu.

Alafu nikakosea upande wa pili. Binti akaniambia mama mazoezi ni dawa, twende kwenye jogingi yetu Jumamosi, mnazijua zile jogingi za Dar, tisheti za rangi moja, nyimbo, barabara nzima inachangamka. Nikaenda na viatu vya kawaida vya kutokea, nikakimbia nusu saa kwa raha ya nyimbo, mwili ukiwa wa moto sikusikia kitu. Nilirudi na bajaji. Wiki mbili sikukanyaga cherehani na kazi za watu zikalala.

Ndo nikapelekwa kwa dada mmoja wa fiziotherapi, yaani anayetibu viungo kwa mazoezi, mdogo kiumri, ananiamkia shikamoo mama huku ananiinua mguu huu na huu, ananitembeza kwa vidole, ananitembeza kwa visigino. Akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, mkojo unautawala? haja kubwa je? kuna ganzi katikati ya mapaja? mguu unaishiwa nguvu? homa, jasho la usiku, kukonda, kikohozi? Akanieleza kwanini, kwamba TB inaweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na kwamba mgongo ukiuma alafu mkojo ukagoma au ukawa unatoka wenyewe, au sehemu za siri zikafa ganzi, hapo husubiri kesho unakimbilia hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Sukari pia akataka ipimwe, maana mwenye kisukari anaweza akawa na kidonda mguuni asikisikie. Vyote nikawa salama.

Kisha akasema, "Mama, hapa hakuna kilichovunjika." Akanambia kuna watafiti mwaka 2015 walikusanya matokeo ya picha za CT na MRI za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao HAWAUMWI mgongo, na kwa watu wa miaka 50 asilimia 80 diski zao, vile vitakia vya katikati ya pingili, zilionekana zimechakaa, na wanatembea, wanalima, wanacheza na wajukuu. Mfupa wa kisigino hivo hivo, wengi wanao na hawana habari nao. Nililia pale. Sio kwa maumivu, nililia kwasababu miezi yote ile nilikuwa naogopa mwili wangu.

Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna mshipi mgumu unaotoka kisiginoni mpaka kwenye vidole, ukilala usiku unajikunja, ukikanyaga asubuhi unavutwa ghafla, ndo ule msumari. Na mimi kwa kukwepa kisigino nilikuwa nachechemea, uzito wote naulaza kushoto, kiuno kinajipinda kutwa nzima. Kwahiyo mguu ulikuwa unaumiza mgongo, na mgongo ulivokaza na misuli ya nyuma ya mguu ikakaza, ikazidi kuvuta kisigino. Nilikuwa natibu vitu viwili kumbe vimeshikana.

Sasa mazoezi yenyewe. Kabla sijashuka kitandani nachukua khanga naizungusha chini ya vidole vya mguu, navuta kuja kwangu goti limenyooka, nahesabu mpaka 30, mara tatu. Hilo peke yake lilibadilisha asubuhi zangu kuliko dawa zote nilizomeza. Mchana nasimama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kimegusa chini, naegemea mpaka nasikia mvuto kwenye shavu la mguu. Jioni nalala chali kwenye mkeka magoti nimeyakunja nainua makalio taratibu nashusha, nilianza mara tano tu. Alafu napiga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, nakunja mgongo juu kama paka, naushusha. Chupa ya maji ya kugandisha kwenye friji naiviringisha chini ya unyayo jioni, hiyo inatuliza, ingawa chupa peke yake bila kuvuta na khanga sikuona ikinifikisha popote.

Na kutembea. Dakika sita! Tatu kwenda tatu kurudi. Nilimwambia dada we unanitania, akasema mama leo sita, na kama kesho asubuhi hujaamka vibaya kuliko jana, sita tena, wiki ijayo nane. Kipimo alichonipa ndo hiki nawaomba mkishike: ukiwa unafanya zoezi maumivu yakifika tatu au nne kwenye kumi sio shida, ila kesho yake asubuhi yasiwe yamezidi ya kawaida yako, yakizidi umepitiliza, unapunguza, huachi. Jogingi ilinidanganya kwasababu nilikuwa najipima wakati mwili bado wa moto.

Nikaanza kuhesabu kwa vituo vya mabasi ya mwendokasi, maana pale pembeni ya barabara ya Morogoro njia ya waenda kwa miguu ni tambarare. Wiki za mwanzo naishia kituo cha Mwembechai narudi. Jirani ananiuliza umesahau nini mbona umerudi, namjibu ndo nimemaliza, na sikuona aibu. Wiki ya sita nikafika kituo cha Kagera. Simu yangu ikawa inanikumbusha hatua 10,000, nikaizima, ile namba asili yake ni tangazo la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, hakuna daktari aliyeiandika kwa ajili ya kisigino changu.

Wiki ya tisa nikaanguka. Ilikuwa kabla ya Idi, oda zimejaa, nakaa kwenye cherehani saa kumi na mbili kwa siku, mazoezi nikayaacha siku nane, na msumari ukarudi. Nilivunjika moyo kweli kweli. Dada akaniambia turudi dakika kumi, na safari hii baada ya siku kumi nilikuwa pale pale nilipoishia, mwili haukuwa umesahau.

Kazi nayo ilibidi ibadilike, hapa ndo naona wengi tunajidanganya, unafanya zoezi dakika 20 alafu masaa kumi unauumiza mwili ule ule. Meza nimeitoa mizigo, nakata nimesimama. Kiti nimekiongezea godoro dogo, magoti yasipande juu ya kiuno. Sikanyagi peku tena, nimenunua raba ya mtumba pale Karume shilingi 15,000, soli nene haikunjiki katikati, na ndani ya nyumba navaa ndala nzito maana sakafu ya marumaru na kisigino kibovu havielewani. Simu inalia kila nusu saa, nasimama, nanyoosha, hata mteja awe kakaa hapo. Wengine wanacheka kidogo, mmoja siku hizi anasimama na mimi.

Na kama mgongo wako ulishapona ukadhani ndo basi, mwaka 2024 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wametoka kuumwa kiuno, walioanzishiwa kutembea kidogo kidogo huku wakielekezwa walikaa siku kama 208 kabla hakijarudi, wasiofanyiwa kitu siku 112. Kutembea tu, bila vyuma wala ada ya jim.

Saivi ni mwezi wa saba tangu nianze mazoezi. Juzi nimefika kituo cha Manzese na kurudi na kisigino kilisema kidogo, mbili kwenye kumi, na asubuhi yake kilikuwa kimya. Leo Alfajiri nilitandaza mswala, nikarukuu, nikasujudu, nikakaa kwenye tahiyatu vidole vya mguu vimekunjwa kama inavyotakiwa, na nilipotoa salamu kushoto ndo nikakiona kile kiti pembeni ya ukuta, sikukumbuka kukivuta.