Kofia za meno

Meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia. Kwetu Singida vijijini hakuna anayeshangaa, ila hapa Dodoma mjini watu hunitazama mdomo kwanza, macho baadaye. Juzi nilikwenda kuziba gego, na daktari, bila kuulizwa, akanishauri tuyasage meno ya mbele na kuyavalisha kofia, yaani vifuniko bandia vya jino. "Dada, utacheka bila kuziba mdomo." Hapo alinipata, maana kweli huwa naziba. Halafu akataja bei.

Madoa haya si uchafu wala jino kuoza. Ni floridi, madini yaliyokuwa kwenye maji ya kisima tuliyokunywa utotoni, wakati meno ya ukubwani yakijijenga ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vya ukanda wetu vinavyopita hapo. Mama alituchemshia maji kila siku, masikini. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haiendi popote. Maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Jino likishakomaa, maji hayaliongezei doa la aina hii. Kwa hiyo hakuna ugonjwa unaosonga mbele, kuna mimi na kioo.

Na kofia ina gharama yake nje ya hela. Ili ikae, jino zima lisilouma linasagwa gamba lake gumu, na gamba hilo halioti tena. Kofia nayo huchakaa, siku moja itadai mwenzake.

Mama mdogo nilipompigia alicheka. "Kwani nyama yanashindwa, mwanangu?" Ni rahisi kwake, yeye hajawahi kukaa mbele ya watu watano wa usaili.

Nikarudi kwa daktari na swali moja: nisipofanya, nini kitatokea? Akasema hakuna, ni mwonekano tu. Angeanzia hapo! Akaongeza kwamba doa la juujuu hupungua likisuguliwa kwa dawa yenye tindikali hafifu, inayoondoa utando mwembamba tu. Hiyo nitaifikiria.

Kofia, hapana. Binti yangu ana miaka minne, yuko kwa bibi yake, na kisima ni kilekile. Meno yake ya ukubwani bado yanajengwa sasa hivi. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, na kwa bei ile napata tanki kubwa na mifereji ya bati. Fundi nimeshaongea naye, anataka tumalize kabla ya Desemba.