Baiki ya laki mbili na nusu na bima ya nyumba: maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Kuna swali naulizwa sana na watu tunaoendesha nao Karura na kule Southern Bypass, ati mtu akiwa na bima ya nyumba si baiskeli nayo iko ndani? Jibu langu ni moja. Usikubali kuambiwa iko ndani mpaka uone hiyo baiskeli imeandikwa kwenye karatasi za bima kwa jina lake, namba ya fremu na bei yake, juu bila hivyo umelipia sofa na TV na friji, baiskeli inabaki na Mungu.

Na hii mambo inaniuma kweli, sababu naona vile watu hujinyima. Mtu anaweka pesa kwa chama miaka miwili ndio anunue fremu ya karboni, ama anapata eksi-Uingereza safi, ile ya mkono wa pili kutoka Uingereza, anaipeleka kwa fundi anaibadilishia magurudumu na gia pole pole mpaka inafika laki mbili na nusu, halafu akiongea na watu wa bima anajibiwa "ah, si ni baiskeli tu". Hapana, si baiskeli tu. Kwa wengi wetu ndiyo gari, ndiyo gym, na kuna vijana hapa Nairobi ambao hiyo ndiyo kazi na ndiyo ndoto yao.

Sasa tuanze na vile bima ya nyumba ya Kenya hukaa. Kampuni nyingi huigawanya kwa herufi. A ni jengo lenyewe, B ni vitu vya ndani ya nyumba, C ni ile ya hatari zote, ya vitu unavyotoka navyo kama laptopu, kamera na saa, D ni ya mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, halafu E na F ni za madai ya watu wengine dhidi yako, kama mwenye nyumba ama kama mtu anayeishi hapo. Ukiwa umepanga, A si yako, hiyo ni ya landlodi, na tafadhali usidhani bima ya landlodi inashika vitu vyako juu haishiki, inashika kuta na mabati yake. Mpangaji anataka B na C, na mimi nasema baiskeli ya bei inataka C.

Kwa nini isikae tu kwa B na makochi? Sababu ya kwanza ni kipimo cha kitu kimoja. Fungua karatasi za B usome yale maandishi madogo, mara nyingi utapata sentensi inasema hakuna kitu kimoja kitahesabiwa kuwa na thamani zaidi ya asilimia fulani ya jumla yote, na 5% ni ya kawaida, isipokuwa kimetajwa peke yake. Piga hesabu basi. Umeandikisha vitu vyote vya nyumba kwa 800,000, asilimia tano ya hiyo ni 40,000. Baiki yako ni ya 250,000. Wezi wakivunja mlango wa nyumba waibebe, na kila kitu umefanya sawa, na premiamu, ile pesa ya kulipia bima, umelipa yote, kwao hiyo baiki ni ya 40,000. Hapo kampuni haijakuibia, ni mkataba unasema hivyo, na wewe ulisaini.

Sababu ya pili ndiyo inatupata sisi wa gorofa zaidi, ni mahali baiskeli inalala. B mara nyingi inataka wizi wa kuvunja na kuingia kwa nguvu, na alama zionekane, grili imekatwa ama kitasa kimeng'olewa. Na inataka hicho kitu kiwe ndani ya nyumba yako. Sasa angalia ploti za Roysambu, Umoja, Donholm, ni wangapi wanabeba baiki mpaka gorofa ya tano kila siku? Wengi wanaifunga kwa reli ya ngazi ama pale chini kwa pakingi karibu na mlinzi, na ngazi si ndani ya nyumba yako, pakingi pia si ndani ya nyumba yako. Kuna mwenzetu mmoja alifungia yake kwa ngazi na ile kufuli nyembamba ya waya, asubuhi akapata waya imekatwa mara moja tu, safi, imelala kwa sakafu, na geti halikuwa limevunjwa. Kampuni yake ikamwandikia barua ya mistari minne, hakuna uvunjaji, eneo ni la wapangaji wote, pole. Mlinzi hakuona kitu, keateka hakujua kitu.

Ndiyo maana nasisitiza C. Hatari zote maana yake inashika wizi na ajali, nyumbani na nje, ndani ya mipaka iliyoandikwa, na kitu kinaandikwa kimoja kimoja na bei yake. Ukianguka pale Ngong Road fremu ikapasuka, hiyo ni kazi ya C. Ukinyang'anywa njiani, hiyo pia ni ya C. Lakini haishiki uchakavu, cheni kuisha, tairi kuisha, kutu, ama fundi kukaza boliti ya karboni mpaka ikalia. Na usidhani C inachukua baiskeli moja kwa moja, kuna kampuni huandika waziwazi kwamba baiskeli hazimo mpaka mkubaliane, na kuna wengine watakubali kama utaifunga kwa kitu kisichong'oka. Uingereza, ambako kuna bima za baiskeli peke yake, wanaenda mbali zaidi, wanakuuliza kufuli yako ina daraja gani la Sold Secure, kuanzia Bronze hadi Diamond, na ukitumia ya chini ya ile waliyotaka hulipwi. Hata kama hapa hawajakuuliza hivyo, mimi ningenunua kufuli nzito ya chuma ya umbo la D, nipitishe kwa fremu, si kwa gurudumu, na nichunge risiti ya hiyo kufuli vizuri kama ya baiskeli yenyewe.

Na sasa ukienda kuuliza, uliza kwa maandishi. Mimi nilipigia wakala mmoja simu nikamweleza kila kitu, akaniambia "Dada yangu, hiyo iko kavadi kabisa, usiwe na wasiwasi, nikutumie paybill?" Nikamwambia sawa boss, lakini nitumie kwa imeili, unijibu maswali haya moja moja: ikiibwa kwa ngazi, ikiibwa nje ya supamaketi ikiwa imefungwa, nikianguka nayo, na bei ya juu mtakayolipa. Jibu likachukua siku kadhaa na lilipokuja lilikuwa limebadilika, kumbe ofisi ilimwambia baiskeli haimo mpaka iongezwe kwa C na premiamu yake. Simlaumu sana yule kijana, alikuwa anataka kuuza, lakini ile "usiwe na wasiwasi" ya kwa simu haina mahali pa kushika siku ya kudai. Kama una baiki zaidi ya moja ama mambo yako ni mengi, heri broka kuliko wakala, maana wakala anasimamia kampuni na broka anasimamia wewe, na komisheni yake inatoka kwa kampuni. Ukitumia yeyote kati ya hao, hakikisha wako kwenye orodha ya waliopewa leseni na IRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, mwaka huo, hiyo orodha wanaitoa wazi.

Thamani nayo ni mahali watu huchezea. Mtu anaandika bei ya chini ndio premiamu iwe ndogo, halafu averiji inamkamata, yaani unalipwa kwa kiwango ulichoandikisha. Tuseme baiki ni ya 300,000 wewe ukaandika 150,000, yaani nusu. Umeanguka, kuitengeneza ni 80,000. Kampuni inasema ulilipia nusu ya baiskeli, basi tunalipa nusu ya hasara, 40,000, na kutoka hapo wanatoa eksesi, ile sehemu unayobeba mwenyewe. Kwa hivyo andika bei ya kweli, na ukiongeza magurudumu ya maana wajulishe siku hizo hizo, usingoje mwaka wa kurinyu. Na uliza, mtanilipa bei ya kununua mpya ama bei ya soko baada ya kutoa uchakavu? Hii ni muhimu sana kwa eksi-Uingereza, juu nyingi zilinunuliwa kwa mkono wa pili na risiti ni ya kalamu ama haiko. Nenda kwa duka la baiskeli linaloaminika wakuandikie barua ya thamani, yenye muhuri, uiambatanishe na fomu tangu mwanzo.

Kuhusu ushahidi, fanya hivi wikendi hii. Pindua baiki juu chini, washa tochi ya simu, futa ile grisi na vumbi pale chini ambapo mhimili wa pedeli unapita, utaona namba imepigwa kwa chuma. Kwa karboni inaweza kuwa ni kibati ama stika, na hapo usisugue na mafuta ya taa itatoka. Piga picha namba ikisomeka, halafu baiki nzima upande wa cheni, halafu wewe ukiwa nayo. Tafuta risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya KRA, kama ulinunua dukani, na kama ulilipa mtu kwa M-Pesa pakua stetimenti ya hiyo siku. Weka zote kwa imeili yako, si kwa simu peke yake, maana mwizi akichukua baiki njiani simu nayo huenda.

Kuna mambo mawili ya matumizi huwa yanafichika. Moja ni mashindano. Kuendesha Karura Jumapili ama kupanda Ngong mpaka Kiserian na marafiki haina shida, lakini ukibandika namba kifuani, kama Migration Gravel Race ile ya Maasai Mara, mikataba mingi inakutoa, kwa hivyo uliza kama kuna nyongeza. Na ukivuka kwenda Uganda ama Rwanda kushindana, uliza mipaka ya nchi pia. Lingine ni kazi. Ukitumia baiki kupeleka chakula cha watu kwa malipo, useme, sababu bima ya nyumba imetengenezwa kwa matumizi yako binafsi na wakigundua baadaye watakataa. Na wewe mwenye baiki ya betri, uliza waziwazi kama wanaihesabu kama baiskeli ama kama chombo cha moto, yaani kama pikipiki, maana zile sehemu za madai ya watu wengine kawaida huacha nje vyombo vya moto, na hutaki kujua hilo siku umegonga mama wa mboga.

Na ukigongwa na gari, usitegemee sana bima ya mwenye gari naye. Sheria yetu ya bima ya magari, ile Cap 405, inamlazimisha dereva awe na bima ya kifo na majeraha ya watu wengine. Haimlazimishi kuwa na ya baiskeli yako. Kama mkataba wake unashika mali, vizuri, lakini huo ni mjadala mrefu na wewe unatembea kwa miguu.

Bei ya premiamu nimeiacha mwisho makusudi, juu naona watu wanaianza nayo. Juu ya premiamu kuna makato ya serikali, 0.2% ya mafunzo, 0.25% ya mfuko wa fidia kwa wenye bima, na stempu ya shilingi 40. Kwa premiamu ya 12,000 hiyo ni shilingi 94 tu, kwa hivyo ukiona kuna ada nyingine imepachikwa, uliza ni ya nini. Na lipa kwa kampuni, si kwa namba ya mtu, na ujue kwamba kabla premiamu ifike huna bima, hakuna mambo ya "nitamalizia mwezi ujao" kisheria. Kati ya mkataba wa bei rahisi wenye baiki ndani ya B bila kutajwa, na ule wa kuongeza elfu kadhaa wenye baiki kwa C, mimi nachukua wa pili bila kufikiria.

Ikitokea imeibwa, nenda kituo cha karibu uandikishe, upate namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, na baadaye abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha uliripoti, na uhakikishe namba ya fremu imeandikwa pale, usikubali "baiskeli moja nyeusi". Julisha kampuni siku hiyo hiyo kwa imeili hata kama bado huna karatasi zote, maana mikataba ina muda na ni mfupi. Usitupe kufuli iliyokatwa, wala usirekebishe mlango kabla ya kupiga picha. Sheria ya bima inawapa siku 90 kulipa dai tangu ulipoliripoti, hesabu hizo siku na uwakumbushe kwa maandishi. Wakikuzungusha, IRA wako Zep-Re Place pale Upper Hill na wanapokea malalamiko, na ukienda huko na ile imeili yao inayosema baiki iko kwa C, yenye namba na bei, mazungumzo yanakuwa mafupi sana.