Jumamosi yangu na Zaburi ya 23

Saa 11 alfajiri niko mezani, hapa Tudor. Adhana imetoka kuisha na matatu bado hazijaanza kelele zake. Huu ndio wakati wangu wa kutunga; jua likishapanda, joto la Mombasa halikuachii akili. Mbele yangu pana karatasi, penseli na wimbo wa katikati, yaani zaburi inayoimbwa kati ya masomo ya Misa, wa Jumapili ya wiki ijayo: “Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu.”

Kiitikio nimeshakiandika kwa sufa, yaani noti za do-re-mi, Do ni F, sauti zote 4, kuanzia ya kwanza iliyo juu hadi ya nne iliyo chini kabisa. Sauti ya kwanza inapanda polepole mpaka Do ya juu kwenye silabi “pu” ya “sitapungukiwa”, inakaa hapo mapigo 2, kisha inateremka. Nikiipiga na spika masikioni, nisiamshe nyumba, naipenda. Lakini kuna kitu kinanikereketa na sikipati.

Saa 2 nakula mahamri na mbaazi za nazi, napanda boda hadi parokiani. Kinanda mimi hukifunika kwa leso 2, maana hewa ya bahari hula chuma. Viungo vya ndani vikiota kutu, unabonyeza na sauti haitoki. Mimi mwenyewe hukifungua na kukisafisha kwa spiriti na brashi laini. Hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ya mwaka 1963, ilikipa heshima kubwa kinanda cha filimbi. Changu ni cha umeme, ila kazi ni ileile: kuibeba sauti ya watu bila kuifunika. Na hati hiyohiyo ndiyo iliyofungua mlango wa Misa kwa lugha za watu. Bila mlango huo nisingekuwa na sababu ya kukesha na silabi za Kiswahili.

Saa 4, Misa ya ndoa. Katikati ya wimbo wa Utukufu stima ikapotea. Kwaya haikusita, ngoma na kayamba zikashika mapigo, waamini wakaitikia kwa nguvu zaidi. Tatizo huja stima inaporudi. Kwaya isiyo na kinanda huteremka bila kujua, na mimi nilisikia tumeshashuka nusu toni kamili. Ningeingia na toni ya mwanzo ningewavunja. Nikagusa kitufe cha kuhamisha toni, nikashusha nusu, nikaingia taratibu kwenye “Amina”. Bibi harusi hakujua lolote, na ndivyo inavyotakiwa.

Mchana nilikula, nikalala kidogo.

Saa 9 alasiri, mazoezi. “Tumsifu Yesu Kristo.” “Milele na milele, amina.” Sauti ya nne ina pengo, mmoja wao anafanya kazi bandarini na bado yuko kwenye feri ya Likoni. Tukaanza na zaburi mpya. Kuna mama wa sauti ya kwanza ambaye jioni huuza viazi karai. Hasomi sufa, lakini akisikia mara moja amekamata. Leo hakukamata. Kila tukifika “sitapungukiwa” alizipita haraka silabi za mwanzo na kutua kwenye “ki”. Nikamrekebisha mara 3.

“Mwalimu, mie naimba ninavyosema,” akanijibu kwa upole.

Nikanyamaza. Nikalitamka neno mwenyewe, polepole: sitapunguKIwa. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni maneno machache tu yanayokataa, na ukiuhamisha unaweza kubadilisha hata maana. Mtu akikaza “ra” ya kwanza katika “barabara”, haongelei tena njia ya magari, anasema “sawasawa”. Nawafundisha vijana jambo hili kila mwaka, na mimi nilikuwa nimeipa “pu” kiti cha mbele kwa sababu melodia ilinipendeza. Nikawaambia wote: “Fuateni mama anavyoimba.” Wakaimba. Zaburi ikasikika kama mtu anayezungumza na Mungu wake.

Saa 3 usiku niko mezani tena, na kifutio. Kuhamisha noti 1 si kazi ndogo. Do ya juu ilipohamia “ki”, sauti ya kwanza na ya nne zikaanza kutembea pamoja kwa kwinti, yaani kwa umbali uleule wa noti 5, na hapo muziki husikika mtupu. Ikabidi niipeleke sauti ya nne upande wa pili, nayo ya tatu ikasogea kuipisha. Mashairi nayo: “hunilaza” ina silabi 4, “huniongoza” ina 5. Nikaongeza noti fupi mbele, ili uzito uangukie “la” na “ngo”.

Saa 5 nikarekodi sauti ya kwanza kwa simu, kwa sauti ya chini, nikaituma kwenye kundi la kwaya kwa ajili ya wasiosoma sufa. Jibu la kwanza likatoka kwa mama wa viazi karai.

“Hapo sawa, mwalimu.”