Upepo Uliojificha Kwenye Bomba la Klachi

Giaboksi ya otomatiki ya gari langu ilikufa kidogo kidogo. Ilianza kwa kuchelewa kushika gia ya tatu, injini ikawa inavuma bila gari kuongeza mwendo. Baadaye oili yake, ambayo zamani ilikuwa nyekundu, ikawa ya kahawia na ikanuka kuungua. Na asubuhi moja niliweka D, nikakanyaga mafuta, gari likabaki pale pale. Mafundi wawili walinishauri nitafute giaboksi nyingine ya otomatiki. Mjomba wangu, aliyezeekea chini ya magari, hakukubaliana nao.

"Mjomba," aliniambia, kwa maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "injini hii bado nzima. Tuifungie manyuali."

Alikataa katakata tununue giaboksi peke yake. Alitaka gari zima la aina ile ile, la manyuali, hata kama limegongwa, na tulipolipata nilielewa sababu yake, kwani vitu tulivyovihitaji kutoka humo vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani: pedeli zote, masta silinda ya klachi na sleve silinda yake, flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya injini, pamoja na bolti zake, propela shafti inayopeleka nguvu nyuma ya gari, ambayo urefu wake ulitofautiana na wa ile yangu, na hata daraja la chuma linalobeba mkia wa giaboksi.

Kushusha ile ya zamani kulituchukua siku moja. Tulipoitoa, nyuma ya injini palibaki sahani nyembamba ya chuma, maana katika otomatiki uzito unaotuliza mzunguko wa injini hubebwa na konvata, chombo kilichojaa oili kinachounganisha injini na giaboksi. Tuliifungua ili tuweke flaiwili nzito ya manyuali. Nilipookota bolti za ile sahani nizitumie tena, mjomba alinishika mkono, akazisimamisha kando ya bolti za flaiwili, nikaona kwamba zilikuwa fupi zaidi. Kisha akaingiza kidole katika tundu lililo katikati ya kichwa cha krenki shafti, mhimili mkuu wa injini, na kuniambia nami niguse. Lilikuwa tupu. Gari la otomatiki halikuwa na haja ya ile beringi ndogo inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi, kwa hiyo kiwandani hawakuiweka, na kama tungefunga bila kuiweka, shafti ingecheza hadi iharibu kila kilicho karibu nayo. Kazi nzima ya siku tatu ingeharibiwa na kitu kinachoenea kiganjani.

Umeme haukutusumbua. Stata ya gari la otomatiki hukubali kuzunguka pale tu gia inapokuwa P (ya kuegesha) au N (huru). Nyaya za swichi hiyo tuliziunganisha na swichi ya pedeli ya klachi, ili gari liwake pedeli ikiwa imekanyagwa, na nyaya za taa za rivasi tukazipeleka kwenye giaboksi mpya.

Kilichotushinda ni pedeli yenyewe. Klachi ya aina hii haina kebo. Unapokanyaga, pistoni ya masta silinda husukuma fluidi ya breki kupitia bomba jembamba hadi kwenye sleve silinda iliyo ubavuni mwa giaboksi, nayo husukuma uma, uma husukuma beringi, beringi hukandamiza vidole vya presha pleti, na hapo ndipo klachi pleti inapoachiwa na injini kutengana na giaboksi ili gia ziingie. Mnyororo wote huo hutegemea jambo moja, kwamba fluidi haibonyei. Upepo hubonyea. Kiputo kidogo tu kikibaki ndani ya bomba, mguu wako hukibana hicho kiputo, na uma hausogei inavyopasa.

Tulitoa upepo kwa njia ya kawaida, mimi nikiwa kwenye pedeli na mjomba akiwa chini. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Fluidi ilitoka safi kwenye kiskurubu cha kutolea upepo kilicho kwenye sleve, bila povu, lakini pedeli iliendelea kuzama kama iliyokanyaga sifongo, na nilipowasha injini na kujaribu gia ya kwanza, meno yalisaga kwa sauti iliyoniumiza. Tuliendelea hivyo hadi jioni, na siku iliyofuata vivyo hivyo. Nilianza kuishuku masta silinda, kwa kuwa ilikuwa imetoka kwenye gari lililogongwa. Mjomba hakusema kitu. Alichukua tochi, akalifuata bomba kwa macho kutoka juu hadi chini, akasimama mahali nilipolikunja mwenyewe ili lipite juu ya bano la nyaya.

"Hapa umeujengea upepo nyumba," alisema.

Mkunjo ule ulikuwa juu kuliko masta silinda yenyewe. Upepo hupanda, na kila tulipousukuma kuelekea chini, kiasi kidogo cha fluidi kinachosogezwa na kanyago moja hakikutosha kuufikisha kwenye kiskurubu. Nilipoachia pedeli, ulirudi kileleni. Nililifungua bomba na kulipitisha chini ya bano, likawa linapanda moja kwa moja kutoka kwenye sleve hadi kwenye masta. Kisha, badala ya kukanyaga, tulijaza fluidi mpya katika bomba la sindano, tukalichomeka kwenye kiskurubu cha chini na kuisukuma polepole ipande. Nilikuwa nimeinama juu ya kikopo cha fluidi cha masta silinda nilipoviona viputo vikitokea, kimoja, kingine, kisha kundi zima, halafu uso wa fluidi ukatulia.

Nilikanyaga. Pedeli ilinisukuma mguu. Gia ya kwanza iliingia kimya, rivasi nayo ikaingia, na nilipoinua mguu taratibu gari lilijongea mbele kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi mingi.

Mjomba hakuniruhusu kwenda nalo mbali usiku ule. Alichora mstari wa kalamu kwenye kikopo, sawa na uso wa fluidi, ili tujue kama kuna mahali panapovuja. Alfajiri nilifungua boneti kabla hata ya kunawa uso, na simu yake ikaita nikiwa bado nimeinama.

"Mstari?"

"Upo pale pale, mjomba."